Mbwa Aitwaye Muchaneta

Gutu, 3 Agosti 1994

Mama,

Nakusalimu nimepiga magoti, na makofi ya heshima nayapiga hapahapa kwenye karatasi. Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ikiwa nawe u mzima. Kundai anaota meno. Halali, nami silali. Baba yake yuko mgodini, hajaja tangu Pasaka.

Tangu uhamie Chiredzi kwa wifi, mbwa wako analala mlangoni pa jiko lako. Sasa kuna kesi ya mayai. Babamkubwa Zvidzai alikuja na maganda mkononi, akayamwaga mbele yangu. "Mkwe, mbwa akishaonja yai haachi. Shoka ninalo. Wewe sema ndiyo tu." Nikamwambia mbwa ana mwenyewe. Akasema, "Mwenyewe si alikukimbia?"

Mama, nitasema kweli. Mimi na huyu mbwa hatujapendana. Ulimpa jina mwezi uleule nilioletwa hapa, na kila jioni ukasimama uani ukiita, "Muchaneta! Muchaneta!" Yaani, mtachoka. Bibi harusi akifika na mbwa akapewa jina, nani asiyejua anayeambiwa? Ndiyo maana sijawahi kumwita. Nampigia mluzi. Na ndiyo maana siku ile kisimani nilisema niliyosema.

Niambie nifanye nini naye. Ukisema auawe, sitalia.

Mkwe wako,
Mama Kundai

Chiredzi, 19 Agosti 1994

Mwanangu Mama Kundai,

Salamu zimefika na makofi nimeyasikia. Mguu unauma, na joto la huku kwenye miwa haliusaidii. Msugue Kundai ufizi kwa kidole safi.

Nilisoma barua yako nikacheka, halafu nikashika tama mpaka wifi yako akauliza nani amekufa. Mtoto wewe! Umejitwalia mbwa wa watu! Nikuseme kupitia mbwa, kwani mimi sina mdomo? Ulipounguza sadza, si nilikwambia ugali umeungua?

Jina lile ni la shemeji Zvidzai. Mume wangu alipokufa alilitaka shamba la bondeni, akawa anaachia ng'ombe wake waingie, akingoja nichoke. Ni mkubwa wangu, siwezi kumtukana. Basi nikafuga mbwa. Nilikuwa naita nikitazama kwake, wewe ukiwa jikoni nyuma yangu. Anajua vizuri anaambiwa nini. Mayai huenda yameliwa kweli, lakini shoka lile si la mayai. Mbwa asipokuwepo, ng'ombe watashuka bondeni, na mwakani utaambiwa shamba ni lake.

Usimuue.

Ila usiningoje. Ulisema kisimani, mbele ya wanawake wote, kwamba uani kutapumua nikiondoka. Basi, kupumue.

Mama yako

Gutu, 11 Septemba 1994

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Ufizi nimeusugua, Kundai alining'ata, kisha akalala.

Jioni ileile barua yako ilipofika nilimwita mbwa. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikasimama pale unaposimama, nikatazama kwa Babamkubwa. Sauti ilitoka ndogo. Mbwa aligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Nikaita tena, "Muchaneta!" Babamkubwa akainuka kwenye kigoda. Mkewe akacheka, "Eh! Mkwe amepata koo!" Nikamjibu, "Namwita mbwa tu, mama." Mbwa akaja, akaninusa mkono kama mgeni, tukala naye.

Siku hizi nikitwanga, Kundai analala amemwegemea mbwa tumbo. Ng'ombe wakikaribia bondeni, anawaona kabla yangu.

Ya kisimani niliyasema, sitajifanya sikuyasema. Nilikuwa mzazi mchanga, sijalala, nawe ukaninyang'anya mtoto mbele ya watu kunionyesha anavyobebwa. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Lakini hasira ya jina nilikubebesha bure. Hiyo naitua.

Njoo kabla mvua haijaanza. Nimechoka, Mama. Sijachoka na wewe.

Mkwe wako,
Mama Kundai

Gutu, 9 Oktoba 1994

Mama,

Salamu. Hukujibu, nami sikuulizi kwa nini. Kaa kitako kwanza.

Muchaneta amekufa. Jumanne jioni niliita, hakuja. Nilimkuta mlangoni pa jiko lako, mdomo una povu, na kando yake ganda la yai. Nyumba yetu haikuwa na yai wiki nzima. Sikuona mkono wa mtu, kwa hiyo sitaji mtu. Nilimmiminia maziwa ya Kundai, akajaribu kuyameza kwa sababu ni mimi niliyempa. Aliniangalia mpaka mwisho.

Nilisema sitalia. Nililia.

Nimemzika mwenyewe, chini ya ukuta wa jiko lako. Kundai anazunguka nyumba akigonga sahani yake ya bati ili mbwa aje kula.

Mkwe wako,
Mama Kundai

Gutu, 13 Novemba 1994

Mama,

Nakusalimu. Mvua imeanza. Ng'ombe waliingia bondeni mara moja. Niliwafukuza kwa mwiko wa sadza, mtoto mgongoni. Babamkubwa alisimama juu akitazama, akasema, "Utachoka, mkwe."

Nimepewa mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio yameanguka. Nimemwita Dzokai. Yaani rudini, kwa wingi wa heshima, kama anavyoambiwa mzazi. Kila jioni namwita, lakini sitazami kwa Babamkubwa. Natazama barabarani, kule basi linakotokea. Wanawake wa kisimani wananicheka: "Mama Kundai, unamwitia nani huko, na mbwa yuko miguuni pako?"

Nawaambia bado hajalizoea jina.

Mkwe wako,
Mama Kundai

Chiredzi, 24 Novemba 1994

Mwanangu,

Barua ya msiba niliisoma, kalamu ikanishinda. Hii ya sasa nimepewa na utingo, na kabla hajaitoa mfukoni alishaniuliza, "Bibi, wewe ndiye yule mbwa anayeitwa kule Gutu kila jioni?" Basi zima linajua.

Acha kupiga kelele, unanyonyesha, utakauka koo. Nimesikia.

Nakuja na basi la Jumamosi. Mtoto utambeba wewe, unavyojua wewe. Shemeji tutamsalimia wote wawili, tukiwa tumesimama uani.

Fagia jiko langu. Pale mlangoni alipokuwa akilala, paache mpaka nipaone.

Mama yako