Ndoano ya Mlango wa Kioo

Jumapili, 4 Mei 2025

Mbuzi wa jirani kaingia sebuleni. Mchana kweupe! Kausukuma mlango wa kioo kwa pua, kala ncha ya pazia, kasimama ananitazama kama mgeni aliyealikwa. Shangazi Mwanabibi kamtoa kwa mwiko. Nimecheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaanza kulia. Sijui kilio kilianzia wapi.

Ndivyo tulivyo. Nyumba nzuri kuliko zote mtaa huu wa Kibiti, mlango wa kioo wa kuteleza kwenye reli, wa kutokea baraza la nyuma, na kitasa hakishiki. Ndoano ya ndani, ile inayotoka na kung'ang'ania fremu, imevunjika tangu kabla ya Ramadhani. Tunafunga kwa kipande cha mkoko — tunakilaza kwenye reli, mlango hausogei. Lakini ukitoka uani huwezi kukilaza ukiwa nje. Ndiyo mbuzi akapita.

Kitasa hichohicho ndicho kilichonipa talaka wiki iliyopita. Wageni wa Swamadu wamekaa barazani na chai yao, mimi nikasema — kwa sauti, ndiyo — kwamba mume wangu kaleta mlango wa watalii halafu anaufunga kwa kijiti. Wageni wakacheka. Angecheka na yeye yangeisha. Hapana, kainuka! Kaapa hakanyagi tena ndani ya nyumba hii mpaka alete hicho kitasa. Na wewe Sihaba, kasema, nimekuacha, talaka moja. Vikombe vyote vikatua. Kaichomoa ndoano iliyovunjika, kaitia mfukoni, kaenda zake Kiongoroni kwenye biashara yake ya kamba wa baharini.

Nimebaki na shangazi yake, nakaa eda humu humu kama inavyotakiwa. Talaka ni moja. Ana nafasi. Aseme tu mbele ya mashahidi kwamba amenirejea, basi, mimi ni mkewe. Hakuna mahari wala idhini ya mtu. Lakini eda ikiisha hajasema, lazima anioe upya, na wa kuniozesha ni kaka Saidy. Saidy kapiga simu leo kutoka Ikwiriri. Eti nianze kufunga mizigo. Eti Swamadu hatapata tena mke mkononi mwake, labda yeye Saidy awe kaburini. Kaka yangu akisema hapana hairudi ikawa ndiyo. Namjua toka tunagombea ukoko.

Jumatano, 7 Mei

Nimeingia hedhini. Ya kwanza tangu aniache.

Bi Swaumu alitufundisha madrasa, wasichana peke yetu, mlango umefungwa: mwenye kupata hedhi hahesabu kalenda, anahesabu tohara, vile vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Tohara tatu. Aliniacha nikiwa tohara, hiyo imehesabiwa. Nikiiona hedhi ya tatu nimetoka edani, siku hiyo hiyo. Na hakuna wa kujua ila mimi. Hata kadhi angeniuliza mimi. Ndiyo maana, alisema Bi Swaumu, si halali mwanamke kuficha kilichomo tumboni mwake. Tulikuwa tunachekacheka. Kanipiga kofi la mgongo mimi, kwa sababu ndiye niliyecheka zaidi.

Jumanne, 13 Mei

Kaja! Kaleta mchele, kamba wakavu, na ndoano.

Hakuvuka reli. Kiapo. Kakaa barazani, shangazi kakaa katikati ya mlango na ungo wake, mimi nyuma ya pazia lililoliwa na mbuzi. Kaniulizia hali kupitia kwa shangazi kana kwamba mimi niko Mafia. Nikamjibu shangazi kwa sauti kwamba sijambo, kama kuna anayetaka kujua. Kakohoa.

Ndoano imetoka kwa Haruni, fundi aluminiamu wa hapa stendi. Kaipachika, kausukuma mlango. Fupi! Inatoa ulimi tu, haifiki kwenye fremu. Kaichomoa polepole. Kakonda Swamadu. Shingo imekuwa ndefu. Nilitaka kutoka nimtilie chai mwenyewe na mikono imejaa unga. Sikutoka.

Alipoondoka nikala chakula alichokibakiza, kilekile, kwenye sahani yake. Mtu asinicheke. Hakuna mtu hapa.

Ijumaa, 23 Mei

Leo kaja na Haruni mwenyewe na mashine ya kutobolea. Kaagiza kitasa kizima kutoka Kariakoo, kinang'aa kama kijiko cha harusi. Matundu ya skrubu hayaoani na mlango. Hata moja. Haruni akaeleza: mlango huu umetoka kambi ya watalii, vifaa vyake vilikuja navyo kutoka nje, madukani hakuna. Dawa ni mbili tu, kutoboa fremu upya au kuweka komeo na kufuli kama banda la kuku.

Swamadu kakataa yote mawili. Kasema, nimesikia kwa masikio yangu, sikuota:

"Sitoboi mlango wa mke wangu."

Mke wangu!! Haruni kaweka mashine chini. Shangazi kaacha kupepeta. Mimi nimeshika ukuta.

Sema basi lile jingine, Swamadu. Umeshafika nusu ya njia.

Hakusema. Kafunga kitasa kwenye gazeti, kaondoka. Nimekuwa na hasira naye jioni nzima, na nimefurahi jioni nzima. Moyo huu mpumbavu.

Nikakumbuka alivyouleta mlango. Kambi moja kule upande wa Ngarambe ilifungwa, vitu vikauzwa. Kauweka kwenye lori juu ya magodoro, kaushikilia njia nzima, kafika na vumbi mpaka kwenye kope. Kisa mimi niliwahi kusema jikoni kwa mama dirisha lilikuwa saizi ya sahani, mvua nilikuwa naisikia tu. Masika ya kwanza tulikaa sebuleni tunaitazama, maji yanatiririka kwenye kioo, kaniuliza sasa unaiona? Nikamwambia naona mwanaume amekaa hajafunga banda la kuku, na vifaranga vinalowa. Kacheka! Wakati ule alikuwa anacheka.

Jumatano, 4 Juni

Hedhi ya pili. Simwambii mtu.

Jumatatu, 9 Juni

Idd imepita. Jana Swamadu kaleta nyama na khabari. Mlinzi wa zamani wa ile kambi kamwambia milango ilikuwa pacha. Wa pili umefungwa dukani kwa mtu, Ngarambe kwenyewe. Ndoano ile ile! Anasubiri barabara ikauke, ataenda, atambembeleza mwenye duka wabadilishane, ampe kitasa kizima cha Kariakoo na gunia la kamba.

Nikamuuliza shangazi baadaye, hivi mtu huyu anangoja nini? Neno halina skrubu. Shangazi kasema Swamadu kaapa mbele za watu na hawezi kurudi mikono mitupu. Halafu akasema mwanaume haihangaikii nyumba asiyoitaka, nitulie, mstahimilivu hula mbivu. Nikamwambia mbivu nyingine zinaliwa na popo.

Swamadu alipokuwa anaaga aliegemea kioo kwa kiganja. Alama imebaki, vidole vyote. Sikuifuta. Shangazi leo asubuhi kapita na tambara lake la usafi — pu! Imekwenda. Nimemnunia mpaka adhuhuri na yeye hajui kosa lake.

Jumatano, 25 Juni

Ya Rabi.

Tunamenya mihogo, shangazi anajiongelea. Eti hana wasiwasi, muda upo tele, mpaka Julai ikaribie mwisho. Nikamuuliza muda gani? Wa eda, mwanangu. Miezi mitatu. Mimi mwenyewe nimemhesabia Swamadu kwenye kalenda ya msikiti, nikamwekea alama ya mkaa.

Kisu kimenidondoka. Nikamweleza. Tohara, shangazi, si miezi! Miezi ni ya bibi vizee waliokatika damu. Kakataa. Weee, kila mtu anajua talaka ni miezi mitatu. Yeye mwenyewe aliachwa akakaa miezi mitatu. Nikamuuliza ulikuwa unanyonyesha? Ulikuwa unaona siku zako? Akachukua muhogo mwingine. Alikuwa ananyonyesha.

Kumbe hivyo! Kumbe anayetembeatembea na ndoano kule hana haraka, anaona Julai yote iko mbele yake. Na mimi nimekaa hapa natunza heshima, nangoja aseme mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuvutwa. Ningewezaje kumwambia mwanaume mambo ya damu yangu kupitia pazia?

Tumempigia. Hapatikani. Kaondoka jana kwenda Ngarambe.

Alhamisi, 26 Juni

Hapatikani. Nimemwandikia ujumbe. Nimefuta. Nimeandika tena: Shangazi amekosea hesabu, eda yangu inakwisha siku yoyote, ukiwa na neno liseme upesi. Nimetuma. Aibu yote niliyozaliwa nayo imeondoka na ujumbe huo. Haujafika.

Jumamosi, 28 Juni

Haujafika. Shangazi habishii tena hesabu yangu. Ananipikia uji wa ulezi kama mgonjwa. Kila nikienda msalani ananifuata kwa macho, nikitoka ananitazama usoni. Natikisa kichwa. Bado. Anasema alhamdulillahi.

Mimi huchelewa. Siku zote huchelewa. Mungu wangu, nicheleweshe na safari hii.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeiona asubuhi. Jua limeshatoka, nimeshaswali. Damu. Imewahi.

Nimekaa msalani mpaka miguu imekufa ganzi. Nje jogoo wanawika, watu wanasalimiana, mtu anauliza bei ya nazi. Nimejitia ngumi mdomoni nisisikike. Sikujua kama mtu anaweza kuachwa mara mbili kwa talaka moja.

Shangazi alikuwa kashatoka, msibani mtaa wa pili. Hajaniona.

Jumatatu, baadaye

Simu! Swamadu kampigia shangazi, shangazi kaja mbio na kanga begani. Kaipata! Mwenye duka kakubali. Yuko njiani, alasiri atakuwa hapa, anakuja na Haruni na mzee Haidari wa duka la hapa mtaani. Wapikiwe.

Mafundi wawili wa nini, nikauliza. Mzee Haidari hajui hata kufunga skrubu. Shangazi akanitazama na macho yamejaa. Mashahidi, mwanangu. Anataka kusema leo. Kasema akishafunga ndoano tu, anasema. Ujumbe wangu hakuutaja. Sijui kama umefika.

Halafu kaniuliza kwa macho, kama siku zote. Nami nikainama kuchochea moto. Moshi ukanisaidia.

Adhuhuri shangazi kaswalia msibani, hakuona kwamba mimi sikuswali; mwenye hedhi haswali. Kwa hiyo hajui. Hakuna anayejua.

Jumatatu, sasa hivi

Naandikia chumbani, wao wako barazani.

Kaja na kanzu. Kanzu, na bisibisi mkononi! Kapiga magoti kwenye simenti, kapachika ndoano, kakaza skrubu, Haruni kamwelekeza. Kausukuma mlango. Ka! Imeshika. Kafungua, kafunga. Ka! Mzee Haidari kapiga makofi kama mtoto.

Halafu kasogea kwenye kioo na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kaniita jina langu. Sihaba, jaribu mwenyewe kwa ndani.

Nikaenda. Nikazungusha. Ndoano ikashika bila taabu yoyote. Yeye nje, mimi ndani, kioo kimetulia kati yetu. Akacheka. Meno yote. Akasema, haya, kijiti hicho mkachochee moto.

Nikataka kufa pale pale, nikiwa nimeshika kitasa.

Kasimama, kajikung'uta magoti, kakohoa. Nikajua ndilo hilo. Lakini mzee Haidari kamzuia kwa mkono. Kasema kwanza aulizwe mwenyewe kama bado yumo edani, sheria ni kuuliza. Swamadu kasema yumo, mzee, kalenda ninayo, Julai yote iko mbele. Mzee kasema hata hivyo. Hili neno ni lake.

Ujumbe haukufika.

Nikamwambia shangazi nakuja, nikaingia huku. Nikisema bado, mimi ni mkewe jioni hii, na ni uongo wa maisha yote, kila nikilala, kila nikiamka. Nikisema imekwisha, kesho Saidy yuko hapa na gari. Bi Swaumu, hukutufundisha lolote la kufanya mtu akiwa amepiga magoti namna ile.

Adhana ya alasiri. Nasikia viatu, wanaume wanakwenda msikitini, Swamadu anasema tukirudi tutamaliza.

Shangazi kaingia. Kanitazama usoni kama siku zote, nami sikutikisa kichwa. Kisha katandika misala, wake, na wangu pembeni yake kama kila siku. Kasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, tuswali kwanza mwanangu, wakirudi utawajibu.

Ameshakaa. Ananisubiri. Kopo la maji ya udhu ameniwekea hapa mlangoni, amelijaza mpaka juu.