Majalada Niliyoyachana

Mjukuu wangu Salma,

Nnakusalimu kutoka Mabela, hapa Maskati. Tu wazima, alhamdulillahi, ila tangu tumzike kaka yangu Nassor nyumba imepooza.

Umeuliza kama bado nnayo majarida yake ya Kizungu, yale ya majambazi na wapelelezi, maana huko watu wanayatundika majalada yake ukutani. Majarida yapo kabatini. Majalada niliyachana mimi.

Kule Unguja, Nassor alikuwa hajui Kiingereza hata neno. Akitazama picha ya juu tu, mwanamke mabega wazi, mwanamme na bastola, kisha akitutungia hadithi mpaka chai inapoa. Tulipohama, mambo ya safari nayaacha, niliona haya watu wa forodha Maskati wakute uchi ule sandukuni mwetu. Nikatupa picha, nikahifadhi maandishi, nikidhani ndiyo yenye maana.

Nassor alipofungua sanduku alipekua jarida moja moja, akalifunga sanduku. Hakunigombeza. Ila hakutuhadithia tena, maisha yake yote.

Katika hadithi ya mwisho kule Unguja alimwacha mwanamke wa gauni jekundu kafungwa kitini. Alisema atamfungua tukifika.

Mpaka leo kafungwa, mwanangu.

Bibi yako