Nilifunika, Nikasema Nimefuta

Mpendwa mshauri,

Najua safu yako huletewa zaidi mambo ya wakwe na wachumba, na mimi mke wangu ametangulia miaka sita sasa na wanangu wana nyumba zao, kwa hiyo usishangae mzee wa miaka sitini na tisa kugonga mlango wako. Naomba tu unisome mpaka mwisho, kwa sababu kuna mtu nimemdanganya bila kukusudia, na tangu jana mchana najua kwamba nimemdanganya, na kila saa inayopita nikiwa nimenyamaza, uongo ule unageuka kuwa wa kukusudia.

Mimi ni mpiga chapa wa zamani. Kazi hiyo nilijifunza kwetu, katika kiwanda kidogo cha vitabu vya shule, kabla vita havijatutawanya, na huku ugenini nimeishi miaka arobaini na mmoja, mingi kuliko niliyoishi nyumbani, na mingi katika hiyo nimebeba mizigo na kufagia korido za watu, kwa sababu hakuna aliyemhitaji mtu wa kupanga herufi za madini ya risasi. Miaka minne iliyopita shirika dogo linalowasaidia wanawake waliokimbia vipigo majumbani lilinichukua niwatengenezee vipeperushi na ripoti. Ofisi yetu ni vyumba vitatu juu ya duka la miwani, printa imewekwa koridoni, na kila aendaye chooni lazima aipite kwa ubavu. Programu ya usanifu nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea, na wenzangu wakanibandika jina la Mzee Wino, nami nikalipenda, maana ni miaka mingi mtu hajaniita kwa kazi yangu.

Mwaka huu ripoti yetu ina habari ya mama mmoja, fundi cherehani, aliyetufikia na mtoto mgongoni na sasa ana kibanda chake cha kushonea. Alikubali habari yake iandikwe kwa sharti moja, kwamba asijulikane, kwa kuwa mume aliyemkimbia bado anamtafuta. Karani aliyemhoji aliandika kila kitu, jina, mtaa, mpaka shule ya mtoto, akaniletea mimi nikisafishe. Nami nikasafisha kama nilivyofundishwa. Kule kiwandani ukitaka kuua neno kwenye filamu, ile plastiki yenye picha ya ukurasa, unapaka juu yake rangi nzito isiyopitisha mwanga, na neno hilo halitokei tena, si kwenye bati la kuchapia, si kwenye karatasi. Basi nikachora visanduku vyeusi juu ya jina, juu ya mtaa, juu ya shule, vyenye kingo zilizonyooka, na pembeni nikaweka picha ya mikono yake tu, niliyoipunguza kutoka picha kubwa.

Kabla ripoti haijatoka fundi cherehani alikuja kuiona. Alikaa kwenye kiti kando yangu, mkoba juu ya mapaja.

"Baba, jina langu si limeondoka?"

"Limeondoka, mwanangu. Nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na shule?"

"Hata shule."

Alisogea akaangalia skrini kwa karibu, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine, kisha akacheka. "Maskini, huyu mwanamke wa visanduku ana siri nyingi kuliko mimi!"

Huyu mama, mshauri, ni mtu pekee katika mji huu anayeniita baba kwa lafudhi ya kwetu, akiivuta silabi ya mwisho kama dada yangu alivyokuwa akiivuta. Nakuambia hivyo ili ujue ni nani niliyemwambia nimefuta.

Jumatatu ripoti ilitumwa kwa barua pepe kwa watu hamsini na wawili na ikawekwa kwenye tovuti yetu. Mkurugenzi wetu, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, aliiinua mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Tazameni kazi ya mtu aliyesomea kazi." Jana mchana nikataka kuchukua aya moja ya habari ile niitumie kwenye kipeperushi. Nikaichagua, nikainakili, nikaibandika kwenye ukurasa mtupu. Visanduku havikuja. Yalikuja maneno, yote, na jina lake limesimama katikati ya sentensi kama mtu aliyetoka bafuni bila kujua kuna wageni sebuleni.

Dada wa mapokezi alikuwa akipita na chai. "Mzee Wino, mbona hivyo, umeona jini?"

"Nimeona jina," nikamwambia, naye akacheka mpaka chai ikamwagika, akidhani natania.

Leo Alhamisi ndiyo siku ya fundi wa kompyuta kuja ofisini, nikamweleza yeye peke yake. Hakushtuka. "Mzee wangu, hii ndogo. Unanipa faili jipya, naliweka pale pale pa zamani, kimyakimya, basi. Nani anakaa ananakili aya za ripoti? Watu ripoti hata hawazisomi!" Nikamuuliza kuhusu mkurugenzi. "Ukimwambia bosi unajichongea. Na yule mama ukimwambia unampandisha presha bure. Lala usingizi, mzee."

Sijalala tangu jana, na yeye yuko chumba cha pili ananisubiri nimpe faili. Naogopa, mshauri. Naogopa kurudi kuwa mzee ambaye mikono yake haina kazi, na naogopa uso wa yule mama. Nimfuate fundi ninyamaze, au niseme? Na kama ni kusema, nianze kwa neno gani?

Mzee Wino

*

(Jibu hili lilitumwa kwa barua pepe siku ileile barua ilipotufikia. Linachapwa leo, miezi miwili baadaye, kwa ridhaa ya Mzee Wino na ya fundi cherehani mwenyewe, na mambo ya kuwatambulisha tumeyaondoa. Tumeyaondoa kweli.)

Shikamoo, Mzee Wino.

Nakuamkia kwanza, kwa sababu baada ya hapa nitakuwa mkali na sitaki uone sikufunzwa adabu. Nimekupigia mara mbili kwa namba uliyoiweka chini ya barua na hupokei, basi soma.

Umeketi ukaniandikia kurasa mbili nzuri, zenye nukta na mikato mahali pake, na muda wote huo faili lilikuwa bado kwenye tovuti. Simama. Nenda chumba cha pili, mwambie fundi wa kompyuta aliondoe sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma. Asiondoe kitufe cha kulifungulia tu, alifute faili lenyewe pale lilipohifadhiwa, maana mwenye anwani yake ataendelea kulifungua hata kitufe kikiwa hakipo. Mahali pake paachwe wazi. Hakuna atakayekufa kwa kukosa ripoti siku mbili.

Umerudi? Haya.

Kosa lako nalielewa, na nimemwita mpanga kurasa wa gazeti letu akae kando yangu nisije nikakupoteza. Aliposoma habari ya visanduku aliguna. "Mwambie hata mimi nimewahi," akasema. Kwenye filamu ulichofunika kilikufa kwa sababu mwanga haukupita. Kwenye kompyuta kisanduku ni kitambaa ulichotandika juu ya meza, na vyombo bado viko chini yake. Hukufanya uzembe, ulifanya kwa uangalifu kazi ya mashine nyingine. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa saa hizi ishirini na ushee ulizonyamaza.

Fundi wako anauliza nani atanakili aya za ripoti. Wewe ulinakili, na hukuwa unatafuta chochote. Anayemtafuta huyo mama atanakili kwa makusudi, na hata hatahitaji kunakili: ataandika jina lake kwenye mtandao, na mtandao utamletea ripoti yenu, kwa kuwa mashine inayotafuta maneno haioni visanduku, inasoma yaliyo chini. Na kubadilisha faili kimyakimya hakuzigusi nakala hamsini na mbili zilizo kwenye barua pepe za watu. Hizo zinahitaji mkurugenzi awaandikie wote, mmoja mmoja, wazifute na wajibu kwamba wamezifuta. Hawezi kuandika asichokijua. Kwa hiyo mkurugenzi ataambiwa, na ataambiwa na wewe, ukiwa umesimama mbele yake, si kwa barua na si kwa mdomo wa fundi.

Utamwambia hivi: faili lina kosa, kosa ni langu, nimeshaliondoa kwenye tovuti, naomba uwaandikie waliolipokea, na mimi naenda kwa mwenye habari sasa hivi. Usimpe historia ya kiwanda. Anaweza kukasirika. Anaweza hata kukuondoa kwenye kazi hiyo, sitakudanganya. Lakini mkurugenzi akiujua ukweli kutoka kwako anabaki na mfanyakazi aliyekosea, na akiujua kutoka kwa polisi hana mfanyakazi kabisa.

Ripoti mpya ni kazi ya kesho, na ukiitengeneza usichore kisanduku hata kimoja. Futa neno lenyewe kwa kibodi, herufi kwa herufi, na mahali pake andika "mama huyu" au "mtaa mmoja". Kisha hifadhi faili jipya, lifungue kama msomaji, chagua maandishi yote kuanzia juu hadi chini, yanakili, uyabandike kwenye ukurasa mtupu kama ulivyofanya jana kwa bahati. Uyasome yote. Halafu nenda mahali pa kutafuta maneno, andika jina lake, na ufurahi kompyuta ikikujibu kwamba halipo. Mpanga kurasa anasema pia uangalie jina la faili na yale maelezo mafupi ambayo faili hubeba tumboni, kichwa chake na aliyeliandika, maana amewahi kuona watu wamesafisha kurasa arobaini wakaacha jina la mtu kwenye jina la faili.

Na ile picha ya mikono, mzee wangu, uliyoipunguza: uliipunguza wapi? Kama uliipunguza ndani ya programu ya usanifu, huenda picha nzima bado imo, imefichwa tu nyuma ya ukingo, na sijui nyuma ya mikono hiyo kulikuwa na nini, uso, mlango wa kibanda, sare ya shule. Kwanza ikate kwenye programu ya picha, ihifadhi kama picha mpya, ndipo uiingize. Ukishaimaliza kazi yote, mpe dada wa mapokezi, huyo anayemwaga chai. Mwambie, "Nitafutie siri humu." Mtu anayeambiwa atafute hupata zaidi ya anayeambiwa ahakiki.

Lakini tiba yenyewe haiko kwako, iko kwa karani. Jina halikupaswa kufika mezani kwako. Mtu akihojiwa kwa sharti la kutojulikana, aandikwe kwa jina la bandia kuanzia mstari wa kwanza wa daftari, na karatasi moja tu inayounganisha jina na mtu ifungiwe kwenye kabati la mkurugenzi. Ambacho hakikuingia hakina haja ya kutolewa. Liseme hilo kwenye mkutano wenu ujao, hata kama utalisema ukiwa na aibu.

Sasa yule mama. Umeniuliza uanze kwa neno gani, na naona kwamba hilo ndilo lililokufanya uniandikie, mengine ungeyamaliza mwenyewe. Usianze na kompyuta. Usianze na "usiwe na wasiwasi", wasiwasi wake ndio uliomfikisha hai hapa alipo. Sema: "Mwanangu, nilikuambia nimefuta. Nilikuwa nimefunika tu. Tangu Jumatatu jina lako, mtaa wako na shule ya mtoto vilikuwa vinaweza kusomeka. Sijui kama kuna aliyevisoma." Kisha nyamaza, hata kama ukimya huo utakuwa mrefu. Akilia, mwache alie. Akikufokea, pokea. Usimweleze ulivyokuwa mtu mzuri. Huyo fundi wa kompyuta anayesema utampandisha presha bure anamfanyia uamuzi mtu mzima, na wanawake wanaokimbilia kwenu wengi wao walikwisha kuishi na mtu wa kuwaamulia nini wajue. Akishajua, atachagua yeye: kuzungumza na mwalimu mkuu, kwenda polisi, kulala kwa rafiki wiki moja, au kuendelea kushona. Lolote atakalochagua, shirika limsaidie, na wewe umsindikize kama atakuhitaji, na kama hatakuhitaji, ukae pembeni.

Usimpigie simu. Habari ya namna hii isimkute amesimama peke yake na mkasi mkononi.

Nakuandikia saa sita na nusu mchana. Shule ile hutoka saa ngapi mimi sijui, lakini mama anajua. Mfikie kabla kengele haijalia.