Ua la Saloni ya Patroni

Papa,

Siku ya matanga yako, Patroni alikaa kiti cha mbele, akamwambia Mama watu wote wakisikia: "Fundi ameniachia shimo katikati ya sakafu, mule saloni ya nyumba yangu." Hata pole hakusema. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya bugali, nikaendelea kugawia wageni, unajua vile niko. Lakini moyoni nilisema: wewe, utaona.

Unakumbuka siku ya kupatana bei? Nilisimama nyuma yako na rula. Ulimweleza pole pole: karo za sakafu, zile za kunyooka, tunahesabu kwa metre kare, lakini ua la karo za rangi tunahesabu kwa mukato, sababu kila petali inakatwa peke yake, na ikivunjika unaanza upya. Akacheka. "Karo ni karo, Papa Fundi! Chini ni chini." Ukakubali bei ya kunyooka, sababu ya minerval yangu, pesa ya masomo. Hiyo siisahau. Hata karo za rangi za lile ua alikataa kutoa. Ulizinunua mwenyewe kwa watu wa Kigoma, ukazikatia nyumbani, mimi nikimwaga maji kwenye mashine ili vumbi isikuingie kifuani. Iliingia tu.

Sasa sikia. Juzi alikuja. Harusi ya binti yake imefika, na mafundi wengine wamekataa kugusa pale katikati. "Mutoto, leta vile vipande vya baba yako." Kwa Kiswahili nisingeweza kumujibu mutu mukubwa, macho yangeanguka chini. Nikajibu kwa Kifaransa, kama mbele ya mwalimu: ua ni kwa mukato, na kulipa ni kwanza.

"We! Ni wewe sasa unanipangia bei?"

Mama akaficha mudomo kwenye kitenge. Patroni akataja bei yake ileile, ya kunyooka.

Basi hakuvipata, Papa. Jumamosi wageni wakicheza kwake, shimo limefunikwa mukeka, mimi na Mama tulikuwa kwenye kaburi lako, na vile vipande na simiti ya Kabimba. Nilianzia katikati, vile ulinifundisha. Petali moja imekaa upande. Unisamehe hiyo. Yeye, simusamehe.

Nasikia alijikwaa kwenye ule mukeka mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka Mama akasema acha. Sikuacha.

Lala salama chini ya kazi yako. Nitaishika mashine yako, naahidi. Na siku atajenga nyumba ingine, atanikuta mimi: atalipa mukato kwa mukato, na deni la ile mikato yako yote juu yake.

Binti yako,
Sifa