Sakafu ya Siku Mbili

Iyolwa, 21 Aprili 2024

Mwanangu Owori,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe na Barbara mke wako mko wazima? Sisi tunapumua tu, ila kifua changu bado kinanisumbua. Nimekupigia simu wiki nzima hushiki, ndiyo maana nimempa Maximilla wa dagaa akuletee barua huko Busia.

Sakafu inatoka jasho. Asubuhi nikikanyaga chini baridi inapanda mpaka magotini, na mkeka umeota ukungu. Wanawake wa kanisani wananicheka, mama wa fundi sakafu! Niletee ile kapeti ya plastiki yenye maua niifunike.

Mama yako

Busia, 6 Mei 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi hatujambo. Pole sana kwa kifua.

Kapeti usiweke. Ukifunika unyevu kwa plastiki utabaki humo humo, harufu ya ukungu ikumalize. Hata ukiweka mbao, zitavimba. Kwanza bandika kipande cha nailoni sakafuni, pande zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Ukikuta maji chini yake, yanatoka ardhini. Hapo nitachimba mtaro nyuma ya nyumba, tungoje kiangazi pakauke, nitandike nailoni nzito, nimwage simiti mpya, ndipo niweke vigae vya tailisi. Kwa sasa inua kitanda kwa matofali. Nakuja Julai.

Mwanao, Owori

Iyolwa, 19 Mei 2024

Owori,

Salamu. Wote wazima isipokuwa mimi. Nimepima. Maji yalijaa chini ya nailoni.

Mdogo wako Ofwono alipoona akacheka vibaya. Anasema baba yenu alipokuwa mochari, ulipomwaga sakafu hii, nailoni nzito ilinunuliwa na chini haikuwekwa. Ni kweli? Nijibu hilo tu.

Mama yako

Busia, 28 Septemba 2024

Mama,

Natumaini umeamka salama. Julai ilinipita, nilipata kazi ya hoteli. Nisamehe, na kuchelewa kujibu pia. Niliogopa.

Ni kweli. Unakumbuka ulivyolia kwamba baba asilazwe kwenye sakafu ya udongo mbele ya wakwe na watu wa kanisa? Nilikuwa na siku mbili tu kabla maiti haijaletwa. Mvua ikanyesha, mzee Omaido wa kamati ya mazishi akaitaka nailoni iwafunike wageni. Nikampa. Nikamwaga simiti juu ya udongo uliolowa, nikijua. Nilidhani nitarudi kurekebisha. Siku ile ulinishika mkono ukanisifu mbele ya watu, nikashindwa kusema.

Desemba nakuja na tailisi.

Mwanao, Owori

Iyolwa, 13 Oktoba 2024

Owori,

Barua nimeipata. Hujambo na mkeo?

Nailoni ningekusamehe. Wageni walikuwa wetu, na simiti niliililia mimi mwenyewe. Lakini miaka mitatu tangu mazishi umekuwa ukija hapa, ukinikuta nakohoa, ukikaa kwenye kiti juu ya sakafu hiyo hiyo na kusema ni moshi wa kuni. Ukanipeleka hospitali nipimwe kifua kikuu. Hawakuona kitu, ila majirani walishasikia. Mpaka leo wananitengea kikombe changu. Ulijua, ukanyamaza. Hilo limenishinda.

Nimehamia jikoni, kwenye udongo niliousiriba kwa mikono yangu. Ni pakavu, na kifua kimeanza kutulia. Tailisi wapelekee watu wa hoteli.

Desemba ukija kuona kaburi la baba yako, pitia njia ya shambani. Kwangu usipige hodi.

Mama Ofwono