Ndengu za Ufagio

Kyuso, Alhamisi. Jua linachoma, na mimi nachemka kulizidi.

"Mwizi hana kiinua mgongo." Ndivyo alivyoniambia leo meneja wa stoo ya ndengu, mbele ya wateja, ameketi juu ya magunia kama chifu.

Sentensi tamu. Ina kasoro moja: mwizi hayupo.

Jirani yangu, Mama Mutheu, amechambua ndengu katika stoo hiyo tangu Mutheu akiwa mgongoni. Sasa Mutheu anamaliza sekondari. Kila Ijumaa jioni wanawake wa stoo hufagia sakafu, kisha hugawana ndengu zilizomwagika, zilizovunjika na zenye mchanga. Meneja huwaona, huwaaga, huwafungulia geti. Kyuso nzima inaijua desturi hiyo.

Sasa tajiri mwenye stoo anaifunga. Wafanyakazi wanaopunguzwa lazima walipwe, ila anayefukuzwa kwa wizi huenda akaondoka mikono mitupu. Ijumaa iliyopita, ghafla, mfuko wa Mama Mutheu ukapekuliwa getini, naye akafukuzwa kwa wizi.

Wake peke yake. Ndiye aliyefanya kazi miaka mingi kuliko wote, na malipo yake ndiyo makubwa zaidi.

"Miaka yote hiyo mlikuwa mnawapa," nilimwambia meneja leo.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa huruma tu. Hakuna mtu alipewa ruhusa."

"Na huruma imeisha wiki hii ya kufunga stoo?"

Mteja mmoja akapasuka kwa kicheko. "Aki meneja, hapo umeshikwa!"

Nakiri nilitoka pale nikijiona bingwa. Nikapitia kwa Mama Mutheu kumsimulia. Alisikiliza hadi mwisho, hakutabasamu.

"Asante, Mwalimu. Lakini wewe hukuwa stoo. Jumatatu afisa wa leba, wa haki za wafanyakazi, atataka waliokuwepo, na wenzangu wameambiwa atakayefungua mdomo atakosa chake."

Nikarudi nyumbani kushika kalamu.

Basi nawaandikia nyinyi mlioshika ufagio pamoja naye. Najua mnanisoma kwenye simu za watoto wenu. Uoga wenu nauelewa. Karo ya shule haingoji. Lakini ikiwa konzi ile ya ndengu inamfanya yeye mwizi, na nyinyi ni wezi, na tajiri atawakumbuka siku atakayotaka.

Jumatatu asubuhi, ofisi ya leba. Njooni nyote, msimame karibu na Mama Mutheu, mseme: hata sisi tulibeba, na meneja alitufungulia geti.