Wanawake Nyuma ya Kombaini

Katesh, Jumatano, msimu wa mavuno

Mavuno ndiyo picha inayonishinda. Wachapishaji wanataka riwaya ile ya zamani, tuliyoisoma sote shuleni, ipate michoro ya kisasa. Badala ya wanakijiji wenye mundu nimeweka kombaini ya shamba la serikali, na nyuma yake wanawake wakiokota masuke ya ngano yaliyobaki.

Jioni jirani yangu, Mama Paulina, aliniletea viazi. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha mchoro.

"Mwalimu, mbona wote wametupa mgongo?"

Nikasema wameinama, wanaokota.

"Tunainama, ndiyo. Lakini tunaongea. Tunatazamana."

Ilinikera, kwa sababu ni kweli. Nafundisha hapa tangu masika na hakuna uso ninaoujua vya kutosha kuuchora. Nasalimia, naitikiwa, nafunga mlango. Nikijaribu uso, unatoka wa mke wangu, naye yuko Tanga, na siku hizi haandiki...

Nikamwambia nyuso za hapa sizijui. Mama Paulina akavuta kigoda, akakaa. "Basi anza na mimi."

Nilipomaliza jicho la pili akaenda kukamua ng'ombe wake. Sasa katika shamba lote lile kuna mtu mmoja anayenitazama.